Amiri Ibrahim wa Kilwa na Dhahabu Iliyofika Lisbon

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale jijini Lisbon, nchini Ureno, kimehifadhiwa chombo cha dhahabu chenye kimo cha zaidi ya sentimita 70, cha aina inayotumika katika ibada ya Kanisa Katoliki kuonyeshea Ekaristi Takatifu. Chombo hicho kilikamilishwa mwaka 1506 na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Sanamu ndogo za mitume 12 zimepiga magoti kukizunguka, na maandishi yaliyowekwa kwenye kitako chake yanaeleza kwamba dhahabu iliyotumika ilitokana na kodi ya Kilwa.

Kilwa inayotajwa hapo ni Kilwa Kisiwani, kisiwa kilichopo Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, takribani kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Msafiri anayevuka leo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko huona kwanza kuta za ngome iitwayo Gereza zikiwa zimesimama ukingoni mwa maji, na nyuma yake magofu ya Msikiti Mkuu. Chombo kilichopo Lisbon na ngome iliyopo Kilwa vinatokana na mkasa mmoja, na katikati ya mkasa huo yupo mtu mmoja: Amiri Ibrahim bin Sulaiman, aliyekuwa mtawala wa Kilwa meli za Ureno zilipotia nanga katika ghuba yake kwa mara ya kwanza.

Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu maisha yake iliandikwa na watu waliokuwa upande wa adui zake. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyechapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa kuhusu safari za Wareno mwaka 1552, alimsimulia kwa kirefu. Upande wa Kilwa ipo historia iliyoandikwa kwa Kiarabu, Kitab al-Sulwa, iliyotungwa mapema katika karne ya 16 na mwenyeji aliyezaliwa mwaka 1499, ambayo nakala yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza jijini London. Mwandishi huyo aliahidi sura kumi, lakini nakala iliyopo inakatika katika sura ya saba, pale pale Wareno wanapoingia katika habari. Kwa hiyo, kwa miaka mizito zaidi ya utawala wa Ibrahim, msomaji hulazimika kuegemea maneno ya waliomshinda na kuyapima kwa tahadhari.

Mji aliourithi ulikuwa na umri wa karne nyingi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliijua Kilwa kwa sababu ya upepo: jahazi lililotoka Uarabuni au India kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurejea kwa kusi katika mwaka huo huo, ilhali safari ya kwenda mbali zaidi kusini ilihitaji kungoja msimu mwingine. Dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe iliteremshwa hadi bandari ya Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, na kutoka Sofala ililetwa Kilwa. Masultani wa Kilwa waliidhibiti njia hiyo, wakatoza ushuru, wakapiga sarafu zao wenyewe za shaba. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazama bahari, na Msikiti Mkuu ukapanuliwa kwa safu za nguzo, matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa.

Kufikia mwisho wa karne ya 15 kiti cha enzi kilikuwa kimedhoofika. Madaraka yalikuwa yamehamia mikononi mwa mawaziri na maamiri, ambao waliwaweka masultani na kuwaondoa kadiri walivyoona inafaa. Ibrahim alikuwa mmoja wa maamiri hao. Sultani wa wakati huo aliitwa al-Fudail, na Barros anadai kwamba Ibrahim alimuua ili ashike dola. Iwe tuhuma hiyo ni ya kweli kwa ukamilifu wake au ilikuzwa na wale waliotaka kuhalalisha kumng'oa, jambo moja ni bayana: Ibrahim alibaki na cheo cha amiri, na wapo wakuu wa Kilwa ambao hawakumkubali kuwa mtawala halali. Hata Sheikh Yusuf, aliyeongoza Sofala, bandari iliyokuwa chimbuko la utajiri wa Kilwa, aliacha kumtii. Mtu aliyetakiwa kuikabili dola yenye mizinga alikuwa bado hajamaliza kesi ya nyumbani kwake.

Habari za wageni zilitangulia kabla ya wageni wenyewe. Mwaka 1498 Vasco da Gama alisikia sifa za Kilwa alipokuwa Msumbiji, akataka kuingia bandarini, lakini mikondo ya bahari ikampitiliza hadi Mombasa na Malindi. Huko Msumbiji alikuwa ameupiga mji kwa mizinga, na taarifa hiyo ilifika Kilwa pamoja na mabaharia waliotoka kusini. Kwa hiyo meli sita za Pedro Álvares Cabral zilipoonekana mwezi Julai 1500, watu wa Kilwa walikwisha kujua ni akina nani.

Namna Ibrahim alivyompokea Cabral inaonyesha tabia iliyomtambulisha katika miaka yote iliyofuata. Wareno waliandika kwamba mfalme wa Kilwa alikuja kukutana na nahodha wao baharini akiwa katika vyombo vilivyopambwa, akasomewa barua ya Mfalme Manuel, kisha siku zikapita bila mkataba wowote kutiwa saini. Kitab al-Sulwa inasimulia mambo tofauti. Kwa mujibu wa kitabu hicho, Wareno walitaka mtawala au mwanawe apande merini, na watu wa Kilwa, kwa kuhofia kutekwa kwake, walimvisha mavazi ya kifalme mtu mwingine mwenye heshima, Sayyid Luqman, wakampeleka yeye. Baadaye wageni waliomba maji ya kunywa. Maji yaliteremshwa pwani, lakini kabla hawajashuka kuyachukua, mmoja wa watumishi wakubwa wa sultani aliwaamuru wachukuzi wayarudishe mjini. Wareno waliposhuka hawakukuta maji wala wachukuzi, wakaondoka kwa hasira kuelekea Malindi.

Yalikuwa matendo madogo, lakini ndiyo silaha aliyokuwa nayo Ibrahim. Kilwa haikuwa na jeshi la kudumu la kushindana na mizinga ya meli, wala haikuwa imezungukwa na ukuta wa kuihami kutoka baharini, kwa kuwa mji wa biashara uliishi kwa kuacha mlango wazi. Kilichobaki kilikuwa kuchelewesha, kuahidi, kutoa udhuru na kusubiri upepo ugeuke, maana kila mtu wa pwani alijua kwamba meli za mbali hazikai bandarini daima.

Mbinu hiyo ilifikia kikomo tarehe 12 Julai 1502. Vasco da Gama alirejea akiwa na kundi kubwa la meli za vita, na safari hii hakuja kuuliza njia. Kwa mujibu wa masimulizi ya Kireno, alitishia kuuteketeza mji, na Ibrahim, alipokwenda kuonana naye baharini, akajikuta mikononi mwake. Akakubali kuwa chini ya himaya ya Mfalme wa Ureno, kupandisha bendera yake na kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka. Kwa vipimo vya leo hiyo ni dhahabu ya zaidi ya kilo sita. Ili kulinganisha, mwaka uliofuata mtawala wa Zanzibar alibebeshwa na nahodha mwingine wa Kireno kodi ya mithkali 100.

Hapa anaingia mtu wa pili wa kisa hiki, Muhammad bin Rukn al-Din, tajiri mwenye asili ya Dabhol nchini India, ambaye Wareno walimwita Mohamed Ankoni. Alikuwa miongoni mwa wakuu wa mji na mpinzani wa Ibrahim. Da Gama alipodai rehani hadi malipo yatimizwe, Ibrahim alimtoa Ankoni. Kisha akarejea mjini, na dhahabu haikupelekwa. Waandishi wa Kireno wanaeleza kwamba Ibrahim alitumaini nahodha angeghadhibika na kumuua rehani wake, na hivyo angekuwa amemwondoa mpinzani wake bila kutumia mkono wake. Ankoni aliutambua mtego huo. Akalipa kutoka mfukoni mwake, akajikomboa.

Ikiwa masimulizi hayo ni sahihi, basi dhahabu iliyotolewa kwa jina la Kilwa mwaka ule ilitoka katika hazina ya mtu ambaye mtawala wake alikuwa amemtoa kafara. Da Gama aliifikisha Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel hakuichanganya na mapato mengine. Aliiweka kando na kuamuru ifanywe chombo kitakatifu, ambacho alikirithisha katika wosia wake kwa Monasteri ya Jerónimos iliyopo Belém, kando ya mto Tagus, mahali meli zilipoanzia safari. Monasteri hiyo, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1501, iligharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru uliotokana na biashara ya Afrika na Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba za meli, matumbawe na mimea ya bahari. Anayeitazama anatazama pia sehemu ya historia ya pwani ya Lindi, ingawa wageni wengi wanaopita pale hawalifahamu jambo hilo.

Ibrahim hakulipa tena kwa hiari. Miaka mitatu ikapita, na tarehe 25 Machi 1505 Francisco de Almeida, aliyeteuliwa kuwa makamu wa mfalme nchini India, akaondoka Lisbon akiwa na maagizo ya kujenga ngome katika pwani ya Afrika Mashariki. Alifika Kilwa mwezi Julai. Bendera ya Ureno haikuwa ikipepea. Almeida alimtaka mtawala afike kuonana naye. Ibrahim alipeleka zawadi na udhuru. Waandishi wa Kireno wanasimulia kwamba udhuru wa mwisho ulikuwa paka mweusi aliyekatiza mbele yake alipokuwa akitoka, ishara kwamba mapatano ya siku hiyo yasingedumu. Simulizi hilo limerudiwa mara nyingi kama kichekesho. Kwa mtu aliyewahi kutekwa katika mkutano wa aina ile ile miaka mitatu kabla, kukataa kwenda hakuhitaji paka.

Alfajiri ya tarehe 24 Julai 1505 askari wapatao 500 waliteremka pwani katika vikosi viwili, kimoja kikiongozwa na Almeida mwenyewe na kingine na mwanawe Lourenço. Walikuta upinzani mdogo katika vichochoro vya mji. Ibrahim aliondoka kwa mlango wa nyuma wa kasri pamoja na jamaa zake, akavuka kwenda bara. Watawa wa Kifransisko wakasimamisha msalaba, wakaimba sala ya shukrani, na baada ya hapo mji ukaachiwa askari waupore.

Mmoja wa waliokuwapo, Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliacha maelezo ya mji kama ulivyoonekana siku hizo, na maelezo hayo yamekuwa hazina kwa wanahistoria. Aliona nyumba za ghorofa za mawe na chokaa zenye mapaa bapa, mitaa myembamba, misikiti mingi yenye kuba, mmojawapo ukimkumbusha ule wa Córdoba nchini Hispania. Aliona bustani za michungwa, mindimu na mikomamanga, visima vya maji matamu, mizinga ya nyuki mitini, mbuzi na kondoo wengi, mashamba ya pamba, na watumwa waliofanya kazi katika mashamba hayo. Alikadiria wakazi kuwa 4,000. Aliona pia vyombo vikubwa vilivyovutwa pwani, vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Ni maelezo ya mtu aliyeustaajabia mji huku wenzake wakiuvunja milango.

Siku iliyofuata, tarehe 25 Julai, ambayo katika kalenda ya Kanisa ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ujenzi wa ngome ukaanza, nayo ikaitwa Santiago kwa jina la mtakatifu huyo. Wareno hawakuchonga mawe mapya. Walichagua nyumba imara iliyokuwa karibu na maji, wakabomoa nyumba zilizoizunguka, na kwa vifusi vyake wakainua kuta na minara katika muda wa siku chache. Hiyo ndiyo ngome ya kwanza ya mawe ya Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki, iliyoitangulia kwa takribani miaka 90 Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Yaani kwa asili yake ilikuwa nyumba za watu wa Kilwa zilizopangwa upya: matumbawe yaleyale, chokaa ileile, ila zikiwa zimeelekezwa mizinga kwa wenyewe.

Almeida alihitaji pia mtawala. Akamchagua Ankoni, yule aliyelipa. Kwa kuwa hapakuwa na taji jingine, alivishwa taji la dhahabu lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin nchini India, akapitishwa mitaani kwa shangwe za Wareno. Barros anamsifu Ankoni kwa jambo moja: aliomba mrithi wake awe mwana wa Sultani al-Fudail aliyeuawa, badala ya watoto wake mwenyewe, kwa sababu haki ya kiti ilikuwa ya ukoo ule. Huenda ilikuwa hekima ya kisiasa kuliko unyenyekevu. Asiye na damu ya kifalme, tena mwenye asili ya ng'ambo na aliyevishwa taji na askari wa kigeni, alihitaji kila uhalali alioweza kuuazima.

Makamu wa mfalme akasonga mbele kaskazini, akaiteketeza Mombasa mwezi Agosti. Huku nyuma, Ibrahim alikuwa bara, ng'ambo ya maji, akiuona mji wake. Hakuwa na mizinga, lakini alikuwa na jamaa, wafuasi na subira. Mwaka 1506 Ankoni aliuawa baada ya kuvutwa kwa hila na mtawala mmoja wa bara aliyekuwa ndugu wa Ibrahim, na waliosimulia kisa hicho hawakuwa na shaka kwamba mkono wa Ibrahim ulikuwamo. Mtu aliyenusurika kuwa kafara mwaka 1502 hakunusurika mara ya pili. Ni sehemu ya maisha ya Ibrahim isiyoweza kupambwa, na anayemtaja kama mtetezi wa Kilwa hana budi kuitaja nayo.

Baada ya hapo Kilwa iliingia katika miaka ya fujo. Haji Hasan, mwana wa Ankoni, alishika nafasi ya baba yake, akatumia mali nyingi katika vita vya kulipiza kisasi bara, kisha Wareno wakamwondoa na kumweka mwana wa ukoo wa al-Fudail, ambaye naye hakupata heshima mjini. Kila badiliko lilipitia kwa nahodha wa ngome. Lakini pigo lililouangamiza mji halikuwa ugomvi wa kiti. Lilikuwa amri ya biashara. Wareno walitaka dhahabu ya Sofala iwe yao peke yao, ambako walikwisha kujenga ngome nyingine mwezi Septemba 1505. Majahazi ya Kilwa yaliyokwenda kusini yalikamatwa na bidhaa zake kutaifishwa. Wafanyabiashara walifanya kile wafanyabiashara wanachofanya siku zote: wakahama. Wengine walikwenda Malindi na Mombasa, wengine Angoche na bandari nyingine za Msumbiji, ambako njia za siri za kufikia dhahabu zilikuwa bado wazi. Mji wa mawe ukabaki na nyumba zisizo na watu.

Wareno walipogundua kwamba walikuwa wanalinda bandari isiyo na biashara, waliamua kuiacha. Mwaka 1512 ngome ya Santiago ilivunjwa, askari wakapanda meli, na kisiwa cha Msumbiji kikawa kituo chao kikuu katika upande huu wa bahari. Walikuwa wamekaa Kilwa miaka saba.

Ibrahim akavuka kurudi. Hakuna tukio jingine katika maisha yake linaloeleza vizuri zaidi ni mtu wa aina gani. Alikuwa amewashinda kwa kuishi: Ankoni alikuwa amekufa, yule waliyemweka baada ya Haji Hasan akakimbia kuelekea visiwa vya kusini, mizinga ilikuwa imeondoka, na watu waliosalia walimpokea yule yule waliyekuwa wamemwita mnyang'anyi. Hata Barros, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda, anakiri kwamba katika kipindi hicho cha pili alitawala vyema na mji ukapata nafuu kwa kiasi. Barros anaongeza kwamba kabla ya kufa aliwausia wanawe wadumishe urafiki na Ureno. Msomaji anaweza kulisadiki hilo au kuliona kuwa kiburi cha mwandishi wa upande ulioshinda. Inawezekana pia kwamba mzee aliyepoteza mji mara moja kwa kutolipa alikuwa amepiga hesabu zake na kuona gharama.

Alichorudishiwa Ibrahim kilikuwa kisiwa, kuta na jina. Njia ya dhahabu haikurudi. Mwaka 1587 Wazimba walivuka maji na kuua, kwa mujibu wa mtawa wa Kireno João dos Santos, watu wapatao 3,000. Kilwa iliinuka tena kwa muda katika karne ya 18 kwa biashara ya watumwa, ambayo Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa wakati huo mwaka 1776, kisha Waomani wakaichukua, na katika karne ya 19 shughuli zote zikahamia bara, Kilwa Kivinje.

Ni Waomani waliojenga ngome inayoonekana leo, mwanzoni mwa karne ya 19, mahali pale pale pa Santiago, wakitumia mabaki ya kuta za Wareno yaliyokuwa bado yamesimama. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa kisiwani katika miaka ya 1960, alisaidia kutenganisha tabaka hizo za ujenzi. Kwa hiyo jengo moja lina simulizi tatu: mawe ya nyumba za Waswahili, mpango wa askari wa Kireno, na lango la mbao lililotiwa nakshi kwa mtindo wa Kiomani. Jina lake pia ni ushahidi. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na kwamba lilibadilika maana katika vinywa vya watu wa pwani walioona kanisa na kifungo vikiwa ndani ya boma moja. Maneno meza, leso na kasha yalikuja kwa njia hiyo hiyo. Bendera pia, kitu ambacho Ibrahim alilazimishwa kukipandisha na ambacho Almeida hakukikuta, ni neno la Kireno lililofanywa Kiswahili.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Monasteri ya Jerónimos pamoja na Mnara wa Belém viliingizwa mwaka 1983. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mmomonyoko wa fukwe, mimea iliyopasua kuta na kuporomoka kwa majengo. Kazi ya kuimarisha kuta na kuzuia maji ya bahari iliyofanywa na Serikali, wananchi wa kisiwani na washirika wa kimataifa iliwezesha kuondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Hivi sasa eneo hilo linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Upande wa Gereza unaotazama bahari umewahi kuporomoka kwa sababu ya mawimbi, na bahari ingali ikifika miguuni mwa kuta. Maji yakikupwa, mawe yaliyoanguka huonekana yamelala katika mchanga mbele ya lango, matumbawe yaliyochongwa yakiwa yamechanganyika na yale ambayo hayajawahi kutoka baharini. Huko Lisbon, chombo cha dhahabu kimewekwa katika kabati la kioo. Maandishi ya kitako chake yanamtaja Mfalme Manuel, yanautaja mwaka na yanaitaja Kilwa. Ibrahim na Ankoni hawamo.